Jalada Namba 112 la Mwaka 1984

Mwenyekiti wa mtaa kaniandikia barua,
muhuri umekaa upande kama kofia ya mlevi:
ninamthibitisha Mwanamvua binti Hatibu,
mkazi wa Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani.
Miaka arobaini nimeishi barabara hiyo,
leo ndiyo mara ya kwanza nahitaji shahidi.

Mahakama ya Mwanzo, dirisha la pili.
Nyuma yangu mama mmoja kashika talaka yake
ndani ya bahasha ya eksirei.
Karani, Bi Shemndolwa, miwani puani:
"Namba ya shauri?"
Sina.
"Mwaka?"
Mwaka wa foleni za sukari.
"Foleni zilikuwa miaka mingi, dada."
Nilikuwa sijamaliza kuota meno.
Akahesabu kwa vidole,
akaandika kwa penseli: themanini na nne, au tano.

Kisha akanisukumia fomu.
Jina la mwombaji, nikajaza.
Uhusiano na wadaawa: mtoto.
Sababu ya maombi,
hapo kalamu ikagoma.
Nikaandika: *kujua*.
Akasoma, akanirudishia.
"Kujua si sababu. Andika mirathi,
andika chochote chenye miguu."
Nikaandika mirathi.

Siku ya kwanza mwenye ufunguo wa masjala yuko msibani, Pongwe.
Siku ya tatu mtandao wa malipo umelala.
Jumatatu iliyofuata, panya.
"Wamekula kuanzia sabini na tisa
mpaka themanini na mbili," akasema,
kama anayetaja enzi za masultani.
Nikamshukuru Mungu
wazazi wangu walichelewa kuachana.

Likaja Alhamisi, limefungwa kwa kamba ya mkonge.
Vumbi likanipiga chafya.
"Soma hapahapa. Halitoki nje."
Nikasoma nimesimama, mkoba begani.

Mdai, Mwajabu binti Sekiteke.
Mdaiwa, Hatibu Kiluvia, kibarua, kiwanda cha mbolea.
Mama anasema: cherehani ni yangu,
nilinunua kwa pesa ya maandazi.
(Ndiyo hii ninayoshonea sare za shule,
pedali yake inalia upande wa kushoto.)
Baba anasema: achukue cherehani,
achukue kitanda, masufuria, kinu na mchi.
Mimi naomba Ijumaa.
Hakimu: Ijumaa ya nini?
Baba: ya mtoto.
Nimchukue baada ya swala, nimrudishe magharibi.

Nililelewa na sentensi moja, mimi:
*baba yako hakuuliza habari zako.*
Nimeinywea chai asubuhi na jioni.
Nimeolewa nayo.

Ukurasa wa nne, mwandiko uleule wa hakimu, wino umeanza kupauka:
*Mtoto analia. Shauri limesimama dakika kumi.*

Nikaurudia mstari huo.
Chini yake nafasi wazi, upana wa vidole viwili.
Nani alinibeba dakika zile kumi,
na kwa wimbo gani, haikuandikwa.
Kisha: *Shauri linaendelea. Mtoto amelala.*

Amri: Ijumaa imekubaliwa.
Dole gumba la mama, wino wa zambarau.
Saini ya baba, imechongoka kama mwiba wa changu.

Nikamuuliza Bi Shemndolwa,
sasa hizo Ijumaa zilikwenda wapi?
Alikuwa anahesabu kurasa za nakala, akalowesha kidole.
"Hapa tunatunza amri, mwanangu.
Utekelezaji hatutunzi."
Mara ya kwanza kuniita mwanangu,
naye huenda nimemzidi umri.

Kurasa sita, stakabadhi, muhuri: nakala halisi.
Nikaomba ile fomu tena, nilifute lile neno
nililoandika kwa kulazimishwa.
Nikalitazama. Mirathi.
Nikaliacha.

Mara ya mwisho nilisikia yuko Muheza,
kwa mke mwingine, macho hayaoni vizuri.
Nauli ninayo.
Nikafunga nakala ndani ya kanga, nikatoka juani.
Kesho Ijumaa.